Kuku wa Malimi

Nilimpeleka kuku kwa Wabudha. Anayetaka kucheka na acheke, amalize, kisha anisikilize. Mimi mwenyewe nilishacheka nikamaliza.

Kwetu Usukumani, mtu akiuguliwa na akawa hajui la kufanya, humpeleka kuku kwa mfumu, mganga wetu wa ramli. Si kuku wa mchuzi. Ni kijogoo ambaye ndiyo kwanza anaota mkia, na kabla hajatoka nyumbani mgonjwa humtemea mate mdomoni. Akishatemewa, huyo si kuku tena, ni mgonjwa mwenyewe amebebwa kwenye kikapu. Mfumu atamchinja, atampasua, atatazama ini na mbawa na mifupa, kisha atakwambia ugonjwa umetoka wapi. Na wewe uliyempeleka unafunga mdomo. Hiyo ndiyo sheria. Humwambii mfumu mgonjwa ni nani wala anaumwa nini, kwa sababu ukimwambia, utajuaje kama ameona mwenyewe au amekusikia wewe? Unakaa kimya, unangoja aseme.

Mgonjwa wangu alikuwa Malimi, mwanangu wa pekee. Alikwenda Geita kuchimba dhahabu akiwa na mabega ya kubeba magunia mawili. Alikaa huko miaka mitatu. Alirudi mwaka ule wa uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi, mwezi wa tatu, na mimi nilikwenda kumpokea kwenye kivuko pale Kamanga. Watu waliteremka, nikawa ninawapita mmoja mmoja nikimtafuta. Nikampita na yeye. Ilibidi anishike mkono.

"Mayu," alisema, maana sisi mama tunamwita mayu. "Ni mimi."

Tulikwenda hospitali. Wakamtoa damu, na siku ya majibu daktari akamwita ndani peke yake, mimi nikabaki kwenye benchi. Alipotoka nilimwuliza wamesemaje. Akasema malaria sugu. Nikasema afadhali. Tukarudi nyumbani bila kuongea, yeye mbele, mimi nyuma.

Nisijifanye mjinga. Nilijua. Mwaka ule Mwanza nzima ilijua, kila mtaa ulikuwa na nyumba yenye mtu wa malaria sugu. Lakini ugonjwa wa kurogwa una dawa, na ule mwingine haukuwa na dawa, si kwetu wala kwa Wazungu. Kwa hiyo nilitaka Malimi awe amerogwa. Nilipiga magoti kanisani nikamwomba Mungu awe amerogwa. Mama gani huomba mwanawe arogwe? Mimi hapa, Kija, niliyebatizwa Paskazia.

Mfumu wa kwanza, wa Misungwi, alimpasua kuku akasema ni shangazi wa upande wa baba. Tukafanya alivyoelekeza, Malimi akazidi kukonda. Wa pili alisema shangazi hana hatia, ni babu analalamika kwamba kaburi lake limeachwa na majani. Tulikwenda tukalifyeka lile kaburi likawa safi kuliko uwanja wa shule. Malimi akaanza kukohoa. Hapo nikaona hawa wote wananijua, au wanamjua anayenijua. Huyo shangazi mwenyewe ni mtu wa maneno, nani asingemtaja? Nikataka mtu asiyemfahamu binadamu yeyote wa Mwanza.

Mimi nilikuwa ninakaanga mapanki kando ya barabara, Pasiansi. Mapanki ni mifupa ya sangara. Nyama inakatwa kiwandani na kupanda ndege, kichwa na uti wa mgongo tunabaki navyo sisi, tunakaanga, tunakula, tunasema soko huria limetufikia. Mteja wangu mmoja alikuwa Renatha, dada wa Kihaya aliyesoma mpaka kidato cha nne na bado akaishia kupika. Alipika kwenye nyumba iliyopangishwa na Wasirilanka wachache, wataalamu wa viwanda vya samaki, ambao walikuwa wamemleta mtawa wao na kugeuza sebule kuwa hekalu.

"Shikamoo mama Malimi," alinisalimu siku moja. "Macho yamekuwa mekundu. Ni moshi?"

"Marahaba. Moshi wa wapi? Silali."

"Njoo Jumapili pale kazini kwetu. Yule mtawa anakaa na watu, wanafumba macho, wananyamaza saa nzima. Mtu akitoka pale analala kama mtoto."

"Wanafumba macho wanatafuta nini?"

"Anasema mtu akinyamaza vizuri, anaona mambo yalivyo."

Sikuhitaji maelezo zaidi. Maneno hayo nimeyasikia kwa wafumu tangu nikiwa mgongoni. Nilimwuliza kitu kimoja tu, padri akisikia itakuwaje.

"Mimi ni Mkatoliki na komunyo napokea," Renatha alisema. "Kunyamaza nako kumekuwa dhambi?"

Jumapili Malimi alikuwa amelala kwenye mkeka nje, anaota jua. Nilimsogezea kijogoo mweupe, nikambana mdomo ukafunguka.

"Wa tatu huyu, mayu. Utawamaliza kuku wa mkoa."

"Tema."

Aliyatafuta mate kwa muda mrefu, kinywa chake kilikuwa na vidonda. Mwishowe akatema. "Umwambie huyo mganga wa kigeni akinipasua anishone vizuri," alisema. Tulicheka wote wawili. Nilimwachia jirani amtazame, nikaondoka na kikapu.

Renatha alinipokea getini. Aliona kikapu. "Umeleta zawadi? Hawa hawali kuku, mama."

"Nani kakwambia wa kula?"

Alinyanyua mabega. Mhaya huyo, angejuaje mambo ya kuku. Alinivusha mlangoni, nikavua kandambili, nikaona haya kwa sababu miguu yangu ilinuka mapanki na sakafu yao ilinuka ubani na maua. Mbele kulikuwa na sanamu ya mtu aliyekaa, macho nusu yamefumbwa, hana hofu na chochote. Nilimwonea wivu. Chini yake alikaa mtawa, kichwa kimenyolewa, shuka la rangi ya kutu limeacha bega moja wazi. Kijana kabisa! Umri wa kunipa mimi shikamoo, na wanaume wazima wanamwinamia mpaka paji la uso linagusa sakafu. Wanaume hao watano ndio wale wa viwandani. Wiki nzima wanasimamia sangara wakichunwa kwa tani, Jumapili wanakuja kuambiwa wasiue mbu.

Nilikaa kwenye mkeka, nikamtoa kijogoo kikapuni, nikampakata ndani ya kanga. Miguu yake nilikuwa nimeifunga kwa kamba ya katani. Mtawa alisema kidogo kwa Kiingereza, na Renatha akaninong'oneza. "Anasema kaa wima. Fuata pumzi inavyoingia na inavyotoka. Mawazo yakija, usigombane nayo. Rudi kwenye pumzi."

Mimi nisigombane! Kengele ndogo ikagongwa, kila mtu akafumba macho. Mimi nilifumba moja. La pili lilikuwa kwa mtawa, kwa sababu nilijua sasa ameanza kutazama, na mfumu akiwa anatazama unataka kuuona uso wake. Uso haukusema kitu. Nzi alitua kwenye bega lake wazi, akatembea, akaondoka. Miguu yangu ikafa ganzi, kwanza kidole, kisha yote. Mgongo ukaniuma. Nikawaza mapanki niliyomwachia jirani, nikawaza shangazi, nikagombana na shangazi, nikarudi kwenye pumzi.

Lakini pumzi niliyoifuata haikuwa yangu. Kijogoo alikuwa ametulia tumboni kwangu, na nilimsikia akipumua, haraka haraka, joto lake linapita kwenye kanga. Ndani ya pumzi ile kulikuwa na mate ya mwanangu. Nikaifuata. Inaingia, inatoka. Sijui ilikuwa dakika ngapi. Ninachojua ni kwamba kwa mara ya kwanza tangu siku ile ya kivuko, sikuogopa. Siwezi kuwasingizia, kitu hicho walinipa.

Kengele ikagongwa tena. Nilitambaa mpaka mbele kwa sababu miguu ilikataa kusimama, nikamweka kijogoo miguuni pa mtawa kwa mikono miwili, nikarudi nyuma nikangoja. Chumba kizima kilinitazama. Mtawa alimtazama kuku. Alimtazama kwa muda, si kwa kupitisha macho. Kisha akamwambia Renatha neno.

"Anauliza kama una shida yoyote ya kusema."

"Sina," nilijibu. Nilijua ananijaribu.

Akamchukua kijogoo, akamlaza kwenye mapaja, akaifungua ile kamba polepole, akamsugua miguu pale kamba ilipombana. Akasema maneno mengine.

"Anasema hapa hakiuawi kitu," Renatha alitafsiri. "Huyu kuku ataishi."

"Mwulize tena."

"Mama Malimi, nimemsikia vizuri. Huyu kuku ataishi."

Nyie, hamjui nilivyolia. Wafumu wote niliowaona maishani walimuua kuku kwanza ndipo wakasema. Huyu amemsoma akiwa mzima, tena amemfungua kamba! Mtawa aliniinamia kichwa, mimi nikamwinamia mpaka sakafuni kama wale wanaume wa sangara. Kijogoo akasimama, akajikung'uta, akachafua mkeka mbele ya sanamu, akatoka nje kwa mlango kama mwenye nyumba.

Sikumweleza Renatha kitu. Jibu la kuku ni la wenye mgonjwa.

"Alisemaje?" Malimi aliniuliza jioni.

"Amesema utaishi."

"Haya," alisema. "Basi niletee uji." Akanywa kikombe kizima, nami nikahesabu huo ni uponyaji.

Tangu hapo nilikwenda kila Jumapili. Renatha alidhani nimeupenda ukimya, akajisifu mtaani kwamba amenipatia usingizi. Kweli nilikaa, nilifumba macho yote mawili, nilijifunza kurudi kwenye pumzi. Lakini kilichonipeleka kilikuwa uani. Mtawa alikuwa akila wali mara moja kwa siku na kubakiza kidogo, na kijogoo ndiye aliyemalizia. Alinenepa. Akaota upanga mwekundu kichwani. Mwezi wa nane akaanza kuwika, kwanza kwa sauti mbaya, kisha vizuri.

Nyumbani mambo yalikwenda kinyume, na mimi sikutaka kuyaona. Malimi aliacha kutembea, kisha akaacha kukaa. Nikirudi alikuwa akiniuliza, "Hajambo mwenzangu?" Nami nilimjibu hajambo, anawika, amempiga jogoo wa jirani. "Basi mimi ninakula vizuri," alisema. Na mimi, jamani, nilimwamini kuku. Nilimgeuza mwanangu upande wa pili, mifupa yake ikinichoma viganja, huku ninawaza upanga mwekundu wa jogoo.

Jumapili moja ya mwezi wa tisa nilimkuta anangoja. Magari ya kampeni yalikuwa yanapita na vipaza sauti, kila chama kinaahidi. Alisubiri kelele zipite.

"Mayu, kaa. Nataka nikwambie walichoniambia hospitali."

"Ulishaniambia. Malaria."

"Haikuwa malaria. Na kuna mtu kule Geita, nataka umjue, maana..."

"Nyamaza," nilisema. Nilisema haraka, kama mtu anayefunika sufuria. Akilitamka, nilijua, litakuwa kweli, na kuku atakuwa mwongo. "Usijichoshe. Utaniambia ukipona."

Alifungua mdomo tena. Kisha akaufunga. "Haya, mayu," alisema.

Siku ya Jumanne sauti ilikauka, akawa anaongea kwa macho. Alhamisi mchana pumzi yake ikabadilika. Inaingia, inasimama, inakaa, ndipo inatoka. Kila mama anaijua pumzi hiyo hata kama hajawahi kuisikia. Nami nilifanya nini? Niliinuka, nikamwita jirani amshike mkono, nikakimbia mpaka nyumba ya Wabudha kumtazama jogoo. Miezi mitatu nimefundishwa kufuata pumzi, na ile moja iliyokuwa yangu kuifuata sikukaa kuifuata.

Jogoo alikuwa juu ya ukuta, anawika. Mzima, mweupe, anameremeta. Nilishukuru kwa sauti, Renatha akatoka jikoni akanishangaa. Nikarudi nyumbani kwa mwendo wa kawaida, sina haraka tena, hata nikasimama njiani kumsalimu mtu. Nilivisikia vilio kabla sijaiona nyumba.

Tulimzika Misungwi, karibu na kaburi la babu yake tulilolifyeka. Kwenye matanga walikuwepo waliosema chinichini, mficha maradhi kifo humuumbua. Walimsema Malimi. Waliokosea ni wao, maana yeye alitaka kufichua, nikamziba mdomo.

Arobaini ilipopita nilivuka kwenda Geita. Nilizunguka kwenye machimbo siku nne nikiuliza nani alimjua Malimi mwana wa Kija. Kule watu hawaitani majina ya kwao, wanaitana Chuma, wanaitana Kobe, na wanaohama leo hawaagi. Nikieleza alivyokuwa, mrefu, mabega mapana, mcheshi, wananionyesha vijana mia. Kila mwanamke kijana aliyepita nilimtazama mara mbili. Aliyebeba mtoto mgongoni nilimfuata mpaka akaniogopa. Siku ya tano nikarudi.

Jumapili nilikwenda kwa Wabudha. Nilikaa kimya saa nzima pamoja nao, na kengele ilipogongwa nikaivunja sheria. Nilimwambia Renatha, tafsiri kila neno. Nikasema kuku yule alikuwa nani, na mate yalikuwa ya nani, na nilivyongoja mtawa aseme, na nilivyoelewa aliposema ataishi. Renatha alianza kutafsiri vizuri, katikati akashindwa, akajifuta machozi kwa aproni, akaendelea. Wale wanaume watano walitazama sakafu.

Mtawa aliinua uso. Macho yake yalikuwa yamejaa maji. Alisema maneno machache sana.

"Anasema yeye hakuona kitu," Renatha alisema. "Aliona kuku."

"Hilo tu?"

"Anasema angejua unangoja jibu, angekwambia hajui. Anakuomba umsamehe."

Nilitamani angenidanganya. Mfumu wa Misungwi angekuwa na la kusema, angemtaja mtu, ningepata wa kumchukia mpaka nife. Huyu kijana wa watu alikuwa mkweli, na ukweli wake haukuwa na kitu ndani. Hakunikosea. Nilikaa naye miezi mitatu tukinyamaziana, kila mmoja anangoja kwa heshima zote, na nikarudi nyumbani nikauchukua ukimya huohuo nikamtilia mwanangu mdomoni.

Alisema kama nataka, nimchukue jogoo. Sheria inakataza kuku wa ramli kurudi nyumbani. Nilimchukua.

Sijamchinja. Majirani wanauliza Krismasi au Pasaka, siwajibu. Asubuhi nikimaliza kuwasha jiko la mapanki ninamwita, anakuja bila woga, maana amelelewa na watu wasioua. Ninachuchumaa mbele yake. Mate ya mwanangu yamo humo, kama kuna kilichobaki cha Malimi duniani kiko humo, au kiko Geita na sijui kinaitwaje.

"Haya, baba," ninamwambia. "Sema. Leo sikunyamazishi. Nani yuko Geita?"

Jogoo ananitazama kwa jicho moja, halafu anarudi kudonoa wali niliomwekea.